Siku tano milima ya Epirus, Ugiriki: nitaweza na goti hili?

Mwalimu_wa_Lanet

Hamjambo wanajamvi. Binti yangu anasoma Thessaloniki na mwezi wa tisa naenda kumwona. Yeye anataka anipeleke visiwani. Nimemwambia bahari nilishaiona Mombasa, mimi nataka milima. Nasikia upande wa kaskazini-magharibi kuna Epirus, na ndani yake vijiji vya mawe vya Zagori. Nina siku tano, miaka 56, na goti la kulia linalolalamika hata nikishuka ngazi za benki. Mwaka jana nilipanda Menengai kwa miguu, nikarudi kwa boda. Je, huko kuna cha mtu kama mimi, au ni mambo ya vijana wenye mabegi mgongoni? Na baridi je?

Fundi_Mtiriki

Mwalimu, nenda. Mdogo wangu ameoa huko, nami nilimtembelea mwezi wa kumi miaka miwili iliyopita.

Baridi kwanza, maana ndiyo inayowatisha watu wetu. Vradeto, kijiji kilicho juu kuliko vyote Zagori, kiko kama mita 1,340. Nakuru yako imepita 1,800! Mji wa Metsovo, nao wa Epirus, uko karibu usawa mmoja na Kisumu ninapoishi, na bado wakati wa baridi watu wanateleza kwenye theluji pale. Kwa hiyo pumzi haitakusumbua hata kidogo, bali jioni ya mwezi wa tisa beba sweta.

Sasa goti. Usikubali mtu akuambie ushuke korongo la Vikos. Kutoka kijiji cha Monodendri hadi kijiji cha Vikos ni saa tano, sita, juu ya mawe, na kushuka ndiko kunakoua goti, si kupanda. Korongo litazame kutoka juu. Pale Monodendri kuna njia fupi ya mawe hadi monasteri ya Agia Paraskevi, ya mwaka 1412, imekaa ukingoni kabisa kama kiota cha mwewe. Kisha mwambie binti akuendeshe hadi Oxya. Unashuka garini, unatembea dakika chache tu, na chini yako pamefunguka mamia ya mita. Mimi si mtu wa kuogopa kimo, nimekaa juu ya jukwaa la ujenzi miaka ishirini, lakini pale nilishika ukuta.

Ngazi za Vradeto usiziguse mvua ikinyesha. Ni zaidi ya 1,000, zinapinda kwenye mwamba kama nyoka, na hadi miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kufika kijijini. Mimi nilizishuka na raba za kwenda sokoni. Mvua ikanikuta katikati, na robo ya mwisho nikaimaliza kwa makalio. Mzee mmoja alikuwa anapanda na punda wake, akanitazama, wala hakucheka. Hiyo iliuma zaidi.

Niruhusu niseme ya madaraja, ndiyo kazi yangu. Karibu na kijiji cha Kipoi kuna la Kokkori, tao moja, la mwaka 1750, limebanwa kati ya miamba miwili. Mbele kidogo kuna Kalogeriko, matao matatu, mgongo wake unapanda na kushuka kama kiwavi anayetembea. Nilienda chini ya tao nikapitisha kidole kwenye viungo. Mawe membamba yamesimamishwa kwa ubavu, moja linalibana jingine, hakuna nondo. Wakishamaliza wanaondoa kiunzi cha mbao, na hapo ndipo fundi anajua kama atalala usingizi usiku huo.

Pesa zilitoka wapi? Wanaume wa Zagori walienda kutafuta riziki Konstantinopoli (Istanbul ya leo), Romania, Urusi, wakatuma nyumbani, na aliyelipia daraja ndiye daraja likaitwa jina lake. Kalogeriko ni la mtawa. Ni kama sisi na kanisa la ushago, tofauti ni kwamba sisi jina tunaliandika kwenye bango la mabati.

Tena juu ya vijiji kuna misitu ambayo hawakuikata karne na karne, kwa kuogopa kutengwa na kanisa. Ilizuia udongo usiporomokee nyumba. Nilipoambiwa hivyo nikakumbuka misitu yetu ya jando kule Tiriki, haiguswi hata kwa kuni. UNESCO waliiweka Zagori kwenye orodha ya urithi mwaka 2023.

Mabasi ya kwenda vijijini ni ya kuhesabu kwa wiki. Kodisheni gari, na binti akumbuke wanaendesha kulia.

Mama_wa_Dunga

Mwalimu, usiuruke mji wa Ioannina. Una ziwa, dogo, usilifananishe na letu la Victoria, na katikati kisiwa chenye watu. Boti ni kama dakika kumi. Ali Pasha aliyeutawala mkoa huo aliuawa pale kisiwani mwaka 1822, ndani ya monasteri, na wanakuonyesha matundu ya risasi sakafuni. Kwenye hoteli za kisiwani wanauza mikunga na miguu ya vyura. Mkunga nilijaribu. Vyura nilimwachia mwenyeji wangu, nikaagiza pai ya jibini.

Kijana_Milimani

Kama binti ana nguvu, mwache apande Drakolimni, Ziwa la Joka, mita 2,050 hivi. Kutoka kijiji cha Mikro Papingo hadi kibanda cha wapanda milima cha Astraka ni kama saa tatu, kisha saa moja na kitu. Majoka yenyewe ni vinyama vya majini vinavyofanana na mijusi, vya kutosha kiganjani 😂. Wewe Mwalimu msubiri Papingo, kuna vidimbwi vya mwambani, utie goti kwenye maji baridi.

Mwalimu_wa_Lanet

Asanteni sana. Binti amesoma yote, amekubali, ila anasema siku mbili zibaki za kisiwa. Nimemjibu kisiwa cha Ioannina nacho ni kisiwa. Fundi, hizo raba zako ulizitupa?

Fundi_Mtiriki

Ninazo. Nazivaa nikichanganya zege.