The General ya Buster Keaton: waliyoiponda 1927 ndiyo tunayoisifia leo. Nani alikosea?

FundiFlashi

Wakuu, salamu. Naombeni kueleweshwa kidogo.

Nina kibanda umiza hapa Morogoro. Jumamosi iliyopita nimejaza watu, mpira umeanza, dakika ya kumi na mbili kifurushi kikakata. Watu wameshalipa, na mnajua kinachofuata. Kulikuwa na flashi mteja aliisahau kwangu wiki ile, nikaichomeka nikiamini nitakuta za Kikorea. Kumbe ndani kuna filamu moja tu: The General, ya mchekeshaji Buster Keaton, ya 1926, nyeusi na nyeupe, hamna mtu anayetoa sauti, ni muziki mtupu.

Kelele zikaanza. "Sauti we fundi!" "Hela yetu!" Nikawaambia tulieni, hii ndivyo ilivyo. Nikatoka nje kuhangaika na simu ili kifurushi kirudi. Niliporudi nikakuta dereva bodaboda mmoja amesimama nyuma anaitafsiri kama enzi za Lufufu, yule msimulizi wa filamu. Jamaa kwenye filamu akifungua mdomo, yeye anamsemea. Yule dada aliyekataa kuongea naye kisa hajawa mwanajeshi, bodaboda akampa sauti ya shemeji yake wa Kihonda. Watu hoi.

Kifurushi kikarudi, nikarudisha mpira, biashara ni biashara. Ila nilipofunga usiku tukabaki wanne tukaimalizia. Pale treni inapoingia kwenye daraja linaloungua na kuporomoka mtoni, hakuna aliyecheka, hata bodaboda alinyamaza. Mmoja akauliza: "Hiyo ni kompyuta?" Kompyuta gani mwaka 1926!

Sasa swali. Nimesoma kwamba ilipotoka wahakiki waliiponda na haikulipa. Leo wanaiweka kwenye orodha za filamu bora za dunia. Na mimi nikiwa mkweli, nilicheka kama mara sita tu, lakini hata maji sikwenda kunywa. Hii ni komedi kweli? Wale wa zamani hawakuona au sisi ndio tunaosifia kwa kuwa tumeambiwa tusifie?

---

KijanaWaPembeni

Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake wa enzi hizo, ndiye baba lao. Huyu Keaton hata kutabasamu hajui, uso kama amedhulumiwa shamba.

---

DadaWaTanga_Oregon

@KijanaWaPembeni huo uso ndio mtaji wake. Alianza jukwaani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, baba yake akimrusha huku na huku mbele ya watu. Akagundua mapema kwamba akicheka yeye, watu hawacheki. Akikaza uso, ukumbi unaanguka.

Kaka FundiFlashi, umenigusa. Mimi naishi Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, na mji walikopigia sehemu kubwa ya filamu hiyo, Cottage Grove, uko kusini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa gari. Mara ya kwanza nilipita pale nikitafuta duka la vyombo vya mitumba, nikakuta uso wa Keaton umechorwa ukutani mjini, mkubwa kuliko nyumba yetu ya Ngamiani. Ndipo nikaanza kufuatilia.

Hadithi yenyewe ina asili ya kweli. Tarehe 12 Aprili 1862, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, majasusi wa Kaskazini (upande wa serikali, dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga) wakiongozwa na James Andrews waliiba treni iliyovutwa na injini iitwayo General, huko Big Shanty, Georgia. Walitaka kukimbia nayo kwenda kaskazini huku wakiharibu reli nyuma yao. Kondakta, William Fuller, akawafukuza, kwanza kwa miguu! Walikamatwa, na wanane wakanyongwa, Andrews akiwemo. Mmoja wa walionusurika aliandika kitabu, na kitabu hicho ndicho Keaton na mwenzake Clyde Bruckman walichokigeuza, wakamfanya anayefukuza, yaani Keaton mwenyewe, kuwa shujaa.

Kuhusu daraja: ni kweli tupu. Ilikuwa 23 Julai 1926, mto unaitwa Row. Injini halisi, daraja la mbao halisi, moto halisi, na hakuna kurudia. Wakazi kwa maelfu walikuja kutazama kama vile kuna gwaride. Picha hiyo moja inatajwa kuwa iligharimu dola 42,000, na wengi huihesabu kuwa ghali kuliko zote za enzi ya filamu bubu. Mabaki ya injini yalikaa mtoni miaka na miaka, hadi yalipotolewa kama chuma chakavu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Reli yenyewe haipo tena, sasa ni njia ya baiskeli. Nimeipita mara nyingi, na kila mara naangalia maji kama mjinga.

Sasa wahakiki. Hebu tuwasikilize kwanza kabla ya kuwacheka. Filamu ilionyeshwa kwanza Tokyo, 31 Desemba 1926. New York ilisubiri hadi Februari 1927, kwa sababu ukumbi wa Capitol ulikuwa bado unajaza watu kwa filamu ya Greta Garbo na hawakutaka kuitoa. Ilipoingia, Mordaunt Hall wa New York Times akasema haifikii kazi za Keaton zilizotangulia. Gazeti la Variety likaiona ni mbio ndefu za treni zinazochosha. Robert Sherwood wa jarida la Life, mtu aliyempenda Keaton, aliumizwa na jambo jingine: watu wanakufa. Unakumbuka pale mtoni, wapiga mzinga wanadondoka mmoja mmoja kwa risasi ya mdunguaji, Keaton haelewi kinachoendelea? Anatikisa upanga wake kwa jazba, bapa linachomoka kwenye mpini, linaruka na kumchoma yule mdunguaji. Kichekesho hicho kimejengwa juu ya maiti. Na ilikuwa miaka minane tu tangu Vita Kuu ya Kwanza iishe. Huyo Sherwood mwenyewe alikuwa amepigana.

Kwa hiyo mimi siwaiti vipofu. Waliona kila kitu ulichokiona wewe. Walihesabu vicheko kama ulivyohesabu, wakapata vichache, wakakasirika. Wewe ulihesabu ukapata sita, lakini hukwenda kunywa maji. Wao hawakujiuliza kwa nini hawakwenda.

Rudi kwenye daraja lile tena, kaka, angalia sekunde chache kabla na baada. Jenerali wa Kaskazini anaambiwa daraja limeungua. Anamjibu dereva kwa kujiamini kabisa kwamba halijaungua kiasi cha kukuzuia, pita. Treni inapita, daraja linavunjika, injini inatumbukia na mvuke unafoka. Halafu kamera inarudi kwa jenerali. Hasemi kitu, anaangalia tu. Macho yale ndiyo kichekesho! Dola 42,000 zote zimetupwa mtoni ili tuone uso wa bosi aliyetoa amri ya kijinga mbele ya watu wake. Mimi nilicheka mara ya tatu kuitazama, siyo ya kwanza. Mhakiki wa gazeti alikuwa na usiku mmoja tu.

---

Garimoshi51

Wanangu, hamjambo. Mimi si mtu wa filamu. Nilianza kazi reli Tabora mwaka 1970, kazi ya kulisha moto kwenye injini za mvuke, kabla hawajanihamishia kwenye dizeli. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mjadala huu na kunitafutia filamu kwenye simu. Nimeitazama jana yote.

Naomba niseme jambo moja ambalo nyie wasomi hamjalisema. Pale kijana ameachwa na mchumba, akakaa kwenye ule mkono wa chuma unaounganisha magurudumu. Injini inaondoka taratibu, mkono unampandisha na kumshusha, na yeye hana habari, anawaza yake. Mnaona ni kichekesho kidogo tu. Mimi nilisimama kwenye kiti.

Injini ya mvuke ikisimama ukaifungulia mvuke kwa pupa, magurudumu yanaweza kuteleza. Yanazunguka papo kwa papo kwa kasi kubwa, injini yenyewe haijasogea hata hatua. Nimeliona hilo mara nyingi, hasa asubuhi reli ikiwa na umande. Mtu aliyekaa pale angesagwa au kurushwa kama gunia. Dereva wa injini ile alikuwa na roho ya Keaton mkononi mwake, na inaonekana alikuwa fundi kwelikweli, maana inaondoka laini kama mtu anayemwamsha mtoto.

Halafu lile la mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Anakaa mbele ya injini amekumbatia taruma, na taruma jingine limelala kwenye reli limepita kwa upande. Anarusha lake juu ya ncha ya lile jingine, yote mawili yanaruka nje ya njia. Injini inatembea. Taruma si kuni ya kupikia, wanangu. Tulikuwa tunabeba watu wawili. Akikosea kidogo, injini inapanda juu ya kile kigogo na yeye yuko mbele.

Mtu aliyeandika gazetini 1927 kwamba inachosha, nadhani alikuwa abiria maisha yake yote.

---

MwlHistoria

Mzee Garimoshi51, shikamoo. Umenifanya niitazame upya.

Lakini mimi nina donge na naona mnalikwepa. Shujaa wetu anapigania Kusini. Kusini walikuwa wanapigania nini? Utumwa. Filamu nzima suala hilo haligusiwi. Tunashangilia bendera ikipepea, na chini ya bendera ile kulikuwa na watu kama milioni tatu na nusu wanaomilikiwa kama ng'ombe. Keaton mwenyewe alieleza baadaye kwamba watazamaji wasingekubali kumwona mtu wa Kusini akifanywa adui. Alisoma soko vizuri. Soko hilo halikutuhesabu sisi.

Mhakiki wa 1927 aliudhika na maiti za wanajeshi. Sikumbuki kusoma aliyeudhika na hili. Kwa hiyo ukiniuliza nani alikosea, jibu langu ni kwamba walikosea, ila si pale mnapodhani.

---

DadaWaTanga_Oregon

Shikamoo Mzee Garimoshi51. Hilo la magurudumu kuteleza nimelisoma pia: inasimuliwa kwamba Keaton alionywa hivyohivyo na dereva, akakaa tu. Sikujua maana yake mpaka leo.

Mwalimu, sina la kukupinga. Naongeza jambo moja tu ambalo hunisumbua. Wanajeshi mnaowaona ni askari wa akiba wa Oregon, kama 500. Wakivaa sare za Kaskazini wanakimbia huku, kisha wanabadili wanavaa za Kusini na kujifukuza wenyewe. Kwa Keaton pande mbili zilikuwa rangi mbili za nguo. Hilo ndilo linaloifanya filamu iwe nyepesi, na ndilo hasa unalolilalamikia.

Kuhusu swali la kwamba tumeambiwa tusifie: haikusifiwa kwa siku moja. Inatajwa iligharimu dola 750,000 hivi, na Marekani ikaingiza kama 474,000. Wenye fedha hawakusahau. Mwaka 1928 mkataba wa Keaton ukapelekwa MGM, kampuni kubwa ya filamu, na huko hakupewa tena uhuru wa kutunga kama zamani. Mwenyewe aliita hatua hiyo kosa kubwa la maisha yake. Pombe ikafuata. Mwaka 1949 mhakiki James Agee aliandika makala ndefu kuwakumbusha watu wachekeshaji wa filamu bubu, na makala yenyewe ikatoka katika jarida lilelile la Life, japo lilikuwa limeshabadili wamiliki na sura. Baadaye filamu za Keaton zikaanza kuzungushwa tena. Mwaka 1965 kwenye tamasha la filamu la Venice watu walisimama wakampigia makofi, Februari 1966 akafa. Kwenye kura ya wahakiki ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, mwaka 1972 The General iliingia kumi bora. Kwa hiyo makofi aliyasikia kidogo. Orodha hakuiona.

---

KijanaWaPembeni

Sawa nimeitazama. Pale anapasua kuni juu ya treni, jeshi zima linapita nyuma yake na yeye hageuki... nimerudisha mara nne. Chaplin bado ni baba lao, ila huyu ni mjomba.

---

FundiFlashi

Asanteni sana. Mzee Garimoshi51, shikamoo, na ukipita Morogoro kiti chako ni bure.

Dada, hilo la Tokyo limenishangaza nikafuatilia kidogo. Kumbe Japani enzi hizo filamu bubu zilikuwa na msimulizi ndani ya ukumbi, anasimama pembeni ya pazia na kuwasemea waigizaji wote. Wanaitwa benshi, na watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi kuliko filamu. Nimemwonyesha bodaboda wangu. Sasa anataka asilimia.

Mwalimu, hoja yako niliisoma kwa sauti kibandani. Bodaboda amesema Jumapili atampa Keaton sauti ya mtu ambaye hajui anapigania nini. Nimemwambia ajaribu, ila akifika kwenye daraja anyamaze kama mwanzo, na akimfikia yule jenerali asithubutu kumsemea.

Tatizo ni moja. Mwenye flashi amekuja kuidai. Nimemwomba aniachie hadi Jumapili usiku, anataka soda mbili.