Yule mama wa dirisha la masijala anatuona sisi wote mazuzu

Wakuu, natoka mahakamani sasa hivi, mikono bado inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Mnamjua. Yule wa dirisha la masijala, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, chaja kaichomeka ukutani tangu uhuru. Simtaji, hata makondakta wa stendi wanamjua.

Rufaa nimeifungua kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni kama tunavyoagizwa. Nimeskani, nimepandisha, kontroli namba imekuja, nimelipa kwa simu, meseji ninayo. Naenda kuuliza tu imepangiwa hakimu gani. Akaniangalia mara moja, akarudi kwenye simu yake, akasema: "Hayo ya mtandaoni malizaneni na mtandao. Hapa lete karatasi."

Mbele ya foleni nzima! Mzee mmoja nyuma yangu akanishika bega akanipa pole kama nimefiwa.

Malizaneni na mtandao? Mimi na mtandao tuna ugomvi gani? Kanuni za kufungua mashauri kielektroniki zipo tangu 2018, Tangazo la Serikali namba 148. Ukiwasilisha kabla ya saa sita usiku, umewasilisha siku hiyo. Karatasi ya nini tena, ya kufungia maandazi?

Na bado. Rufaa yenyewe ni mirathi ya baba, shauri la 2003, mahakama ya mwanzo, enzi za madaftari. Namwomba nakala ya mwenendo, yaani yaliyoandikwa kesi ikisikilizwa, ananionyesha stoo kwa kidevu. Mafaili yamefungwa kamba za katani hadi darini, juu yake ndoo ya kudekia na hotipoti ya mtu. Panya wa mle wanajua warithi wa mkoa mzima! Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, ya kutunza mafaili ya umma, ilipitishwa 2002, faili la baba limezaliwa likaikuta. Nikamuuliza hili litaskaniwa lini. Hakuinua hata uso. "Nimeshakwambia, malizaneni na mtandao."

Mara ya pili! Mara ya pili wakuu, na watu wanacheka.

Mchuuzi wa Mawazo: Mleta uzi umeshindwa na mama mmoja, mahakamani utamuweza wakili?

Bint Shomari: Ni huyo huyo! Mimi aliniambia "mwanangu, kesi yako haina haraka." Kesi ya matunzo ya mtoto, na mtoto ninaye mgongoni analia.

Kanzu Nyeupe: Mkuu, acha jazba. Tunza meseji ya malipo na ukurasa unaoonyesha tarehe ya kuwasilisha. Rufaa toka mahakama ya mwanzo kwenda wilaya ni siku 30, ukizubaa na karatasi zake utaambiwa umechelewa. Peleka barua kwa hakimu mfawidhi, yule msimamizi wa mahakama, na nakala yako igongwe muhuri.

Mleta uzi: Muhuri anao nani? Si huyo huyo mama wa dirishani! Nitaambiwa nimalizane na mtandao!

Kobe Mkimbizi: Afadhali wewe una faili. Kiwanja changu, ofisi ya ardhi wanasema hakipo kwenye ramani, na mimi hapa naandika nikiwa nimekaa ndani yake.

Bint Shomari: Ardhi msiniguse. Hati ya marehemu mama wamekosea jina, wanataka aje mwenyewe kurekebisha.

Kobe Mkimbizi: Aje mwenyewe?? Haki ya Mungu hawa watu.

Mchuuzi wa Mawazo: Maji nayo. Bomba kavu mwezi mzima, bili imekuja nono, nimelipishwa upepo.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mbele ya foleni nzima, mtu mzima na ndevu zangu.

Mama Ntilie wa Stendi: Bili za maji ni balaa. Huku mtaani kwetu msoma mita hajaonekana tangu mfungo, namba anazitoa wapi?

Kobe Mkimbizi: Anazitoa kichwani. Fungueni uzi wa maji, nakuja na picha za mita.