Mjadala: Shule zikifungwa kwa dharura, vishikwambi vibaki stoo au viende nyumbani na watoto?

Walimu wenzangu, wazazi na wanabodi, naleta swali hili nikijua litatugawa, maana hata ofisini kwetu lilitugawa. Shule za msingi za umma hapa Kenya zilianza kupokea vishikwambi vya wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, pamoja na laptopu za walimu na projekta. Ni mali ya shule, havitoki getini. Sasa shule zikifungwa ghafla, je, mwalimu mkuu awe na ruhusa ya kuwakabidhi wazazi? Mimi nasema ndiyo, na sababu zangu ni za mtu aliyekuwa na ufunguo mkononi.

Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona Jumapili, tarehe 15 Machi 2020. Nilikuwa naibu mwalimu mkuu katika shule ya kutwa huko mashambani, kaunti ya Kilifi. Jumatatu asubuhi walikuja watoto wachache ambao kwao habari haikuwa imefika, na sare zao, tukawarudisha. Kisha tukahesabu vishikwambi, tukavifungia kwenye stoo ya mlango wa chuma. Kufuli mbili: ufunguo mmoja wa mwalimu mkuu, wa pili wangu, ili asiwepo mtu wa kufungua peke yake.

Masomo yalipelekwa redioni na kwenye televisheni. Walioyaandaa pale KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, walifanya kazi kubwa na siwadharau hata kidogo. Lakini redio haimsubiri mtoto ambaye hajaelewa, na kwetu saa ya kipindi ilikuwa ndiyo saa ya kupeleka mbuzi malishoni. Nyumba nyingi redio ni moja, na baba akitoka hutoka nayo. Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alipotangaza kuwa mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, hata wale waliokuwa wakishika daftari waliliweka chini. Wavulana wangu wa darasa la saba niliwakuta timbo, wanapakia mawe ya kujengea kwenye lori.

Mwezi huohuo mama mmoja alinisimamisha njiani, ana mtoto gredi ya pili. Akaniuliza, "Mwalimu, zile simu kubwa za watoto si ziko shule? Mbona hamtupi hata moja, huyu akasoma?" Nikamjibu kwamba ni mali ya serikali. Akaniangalia, akasema, "Na huyu mtoto ni wa nani?" Sikuwa na neno.

Nilimpelekea mwalimu mkuu wazo la kuwaazima wale wa gredi za chini, mzazi atie sahihi mbele ya mzee wa kijiji. Alikataa, na nataka nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kikipotea kimoja atadaiwa yeye, hakuna waraka wa kumkinga, na amebakisha miaka mitatu kustaafu. Alipenda kusema mali bila daftari huisha bila habari. Nikarudi nyumbani na ufunguo wangu mfukoni. Sikumwandikia afisa wa elimu, sikuitisha bodi. Hilo ni langu, silitupi kwa mtu mwingine.

Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Ndipo tukaifungua stoo kweli kweli. Takriban miezi kumi, joto la pwani chini ya mabati, hakuna hata siku moja vilivyochajiwa. Betri nyingi zilikuwa zimefura, vioo vimeinuka pembeni. Vingine viligoma kuwaka kabisa. Vyetu vilikuwa na daftari safi, kila kimoja na nambari yake, na bado viliisha. Wiki hiyohiyo nilimsomesha yule mtoto wa gredi ya pili. Silabi alizokuwa akizisoma Machi bila kusita, sasa alizikodolea macho.

Najua hoja za upande wa pili. Wapo wasemao vijijini hakuna intaneti, kwa hiyo ni kazi bure. Hapana, masomo ya gredi za chini yalikuwa yamewekwa ndani ya kishikwambi tangu mwanzo, hayahitaji bando. Umeme? Wanaochaji simu kwa sola ya jirani watachaji na hiki. Hoja ya wizi ni nzito zaidi, siipuuzi, ila vishikwambi vimeibwa pia kwenye stoo zenye mlinzi na vyuma madirishani. Inayonisumbua mimi hasa ni ya usawa. Vyetu havikutosha watoto wote, na kumpa huyu ukamnyima yule ni kupanda ugomvi kijijini. Nilifikiria zamu, kila nyumba siku tatu, lakini wakati ule tuliogopa vitu kupita mkono kwa mkono. Kwa mafuriko ya 2024, zamu ingewezekana. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, ukaanza tarehe 13 Mei. Majuma mawili, na kufuli zilezile.

Ninachoomba si kila mwalimu mkuu ajiamulie apendavyo. Naomba Wizara itoe waraka unaosema wazi kwamba aliyeazima kwa sahihi, kwa kumbukumbu na kwa idhini ya bodi, hatalipa kutoka mfukoni kifaa kikiharibika au kikiibwa bila uzembe wake. Tunawaambia walimu wakuu wawe viongozi, halafu tunawaacha peke yao na hofu ya deni.

Wale mnaopinga, nijibuni hoja ya usawa, maana sijaipatia dawa. Nanyi walimu wakuu mliowahi kuthubutu kuvitoa, tuambieni: mliwapa nani kwanza, mliandikishana vipi, na vilirudi vingapi?