Mwanangu kaambiwa aandike kuhusu aikoni mmoja wa Marekani, nani hasa anastahili?

Mama_Louisville

Habari za wikiendi ndugu zangu. Naomba mnisaidie maana tangu Jumatano hapa nyumbani tunabishana tu. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, mwalimu wake wa historia kawapa asainimenti, kila mtu achague mtu mmoja maarufu anayeona anastahili kuitwa aikoni wa Marekani halafu amtetee kwa kurasa nne. Mmoja tu, si wawili. Wenzake wamekimbilia Elvis, Marilyn Monroe, Michael Jordan. Mimi nikamwambia mwanangu sisi tunakaa Louisville, Muhammad Ali kazaliwa hapa hapa mwaka 1942, uwanja wa ndege tangu 2019 una jina lake, kazikwa makaburi ya Cave Hill hapo, sasa unahangaika nini? Akaniambia mama, Colonel Sanders wa kuku naye kazikwa Cave Hill na sura yake inajulikana mpaka vijijini Afrika, na yeye ni aikoni? Nikakosa la kumjibu.

Lakini nimelifikiria sana hilo swali nikiwa kazini. Mimi naona sura kujulikana haitoshi. Aikoni wa nchi ni mtu aliyeidai nchi yake kitu, ikamkatalia, ikamuumiza, halafu baadaye ikaja yenyewe kumpa heshima. Ali mwaka 1967 alikataa kwenda vita vya Vietnam, wakamnyang'anya ubingwa, mahakama ikampa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000, jela hakwenda kwa sababu alikata rufaa lakini alikaa miaka mitatu na nusu bila kupanda ulingoni, kuanzia miaka 25 mpaka 28, yaani umri ule ambao bondia ndo mwili umekamilika. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikasema hukumu ile ilikosewa, majaji 8 kwa 0. Miaka ile haikurudi. Halafu 1996 nchi ile ile ikampa mwenge awashe moto wa Olimpiki kule Atlanta, mkono unamtetemeka kwa ugonjwa. Mimi nikiiona ile video mpaka leo nalia.

Nyie mnasemaje?

Mzee wa Sinza

Mama pole na majukumu na hongera kwa kukaa na mtoto mkabishana mambo ya maana. Ali kwangu ni mkubwa, sina ubishi, ila Watanzania wa rika langu tuna stori yake nyingine ambayo binti angependa kuijua.

Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Ali azunguke Afrika kuziomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Akaanzia Tanzania. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Na alikuwa na sababu jamani, sisi mwaka 1976 tulisusia Montreal sababu New Zealand walienda kucheza raga na Makaburu, Filbert Bayi wakati huo ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, aliiweka Christchurch 1974, kijana akakaa nyumbani na nafasi kama ile hairudi, Marekani wao wakaenda zao Montreal kama kawaida. Sasa miaka minne baadaye ndo wanamtuma bondia mweusi aje kutuambia sisi tususie! Waandishi wa habari Dar walimbana maswali, wakamwambia pia Warusi ndio wanaowasaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na yule bwana kwa uungwana wake akakiri kwamba mambo hayo hakuelezwa kabla ya safari na kwamba labda ametumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Sisi tukaenda Moscow, Bayi akaleta medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, na mpaka leo ndizo medali mbili tu za Olimpiki tulizonazo.

Sisemi hivi kumshusha. Mimi tangu siku hiyo ndo nilimheshimu zaidi, maana mtu maarufu kuliko wote duniani anasimama ugenini anasikiliza hoja na anakubali, wangapi wanaweza? Lakini mama, hapo kwenye kanuni yako ongeza kitu. Nchi ikishakuheshimu inataka pia kukutumia. Ali yule yule wa 1967 aliyeikatalia serikali ndiye huyo 1980 kabeba ujumbe wake. Binti akiandika bila hicho kipande atakuwa ameandika nusu ya mtu.

Mwana wa Lubumbashi

Mimi baba yangu alikuwa anatuelezea ile ngumi ya Ali na George Foreman ku Kinshasa kila mwaka, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, saa kumi ya alfajiri ili Wamarekani wapate kuona kwa masaa yao, raundi ya nane Foreman akaanguka. Watu wakaimba Ali boma ye, ni Kilingala, Ali muue. Mobutu alilipa kila mmoja dola milioni 5 na nchi ilikuwa na shida zake, hiyo nayo tuseme ukweli. Lakini kitu kimoja nataka mama amwambie mtoto, Foreman naye alikuwa Mmarekani mweusi, tena ndiye bingwa, kwa nini watu walimchagua Ali? Foreman alishuka na mbwa wake wa Kijerumani, mbwa wa namna ile Wabelgiji walikuwa wanawatumia kwa kufukuza batu wetu. Hakujua, maskini. Ali yeye alitembea, alikimbia asubuhi barabarani na watoto, aliongea na kila mtu. Kuna aikoni ambao hata watu wa nje wamewapigia kura.

Kinangop Kantri

Niongee kama mtu wa Kenya, huku kwetu milimani muziki wa kantri si mchezo, Jim Reeves amekufa na ndege mwaka 1964 lakini harusi na matanga bado anapigwa, wazee wanajua maneno yote. So mimi natetea Dolly Parton na niko serious. Huyu mama ametoka Tennessee kwa familia ya watoto 12, baba yake alikuwa mtu mwerevu sana na hakujua kusoma, na kwa sababu ya huyo baba mwaka 1995 akaanzisha mpango wa kutuma kitabu kila mwezi kwa mtoto bure mpaka afike miaka mitano, akaanza na kaunti yao tu pale nyumbani, sasa vimepita vitabu milioni 200. Na 2020 akatoa dola milioni moja za utafiti wa korona pale Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mama unasema aikoni lazima nchi imuumize kwanza, kwa nini? Kuna mtu anapendwa na mtu wa mjini na wa mashambani, wa chama hiki na kile, kwa nchi imegawanyika vile Marekani iko, hiyo si ndogo. Nani mwingine wanampenda pamoja?

Santuri za Zamani

Kwa hao watoto wa Elvis naomba binti awaulize swali moja tu darasani, Big Mama Thornton ni nani. Hound Dog aliirekodi yeye 1952, Elvis akaja nayo 1956 ikampa dunia, yule mama hakupata kitu cha maana na alikufa maskini. Elvis alikuwa na sauti, hilo simnyimi, na mwenyewe alikuwa anasema muziki ule watu weusi walikuwa wakiuimba kabla yake. Ila ukiniuliza nani alitengeneza roki, nitakwambia Chuck Berry, na waliotengeneza chombo cha Voyager 1977 waliona hivyo hivyo, ile diski ya dhahabu waliyoituma huko angani ina wimbo wa Chuck Berry, wa Elvis haumo.

Mwalimu Mstaafu, Dallas

Mama, umesema binti ana miaka 15. Basi mwambie asome habari za Claudette Colvin.

Kila mtu anamjua Rosa Parks, Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955, akakataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, mgomo ukafuata siku 381. Ni kweli na anastahili heshima zote, tena si kwamba alikuwa bibi amechoka miguu kama wanavyowafundisha watoto, alikuwa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, pale mjini, mpambanaji wa miaka mingi. Lakini miezi tisa kabla, tarehe 2 Machi, msichana wa shule wa miaka 15 alifanya kitu kile kile mji ule ule. Polisi walimkokota wakamtoa, pingu, wakampeleka selo ya watu wazima. Alikuja kusimulia kwamba alihisi kama Harriet Tubman na Sojourner Truth, wanawake weusi waliopinga utumwa, wamemkandamiza mabega asiinuke, maana shuleni walikuwa wametoka kufundishwa habari zao.

Sasa kwa nini hajulikani? Viongozi walimpima wakaona hafai kuwa sura ya mapambano. Mdogo, mtoto wa familia maskini, baadaye akapata mimba. Wakangoja. Mimi siwalaumu moja kwa moja, walijua magazeti ya kizungu yatamfanyaje yule mtoto. Lakini kesi iliyokuja kuvunja ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery, ile iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 1956, mlalamikaji hakuwa Rosa Parks. Walikuwa wanawake wengine wanne na Colvin mmoja wao, alisimama mahakamani akatoa ushahidi akiwa na mtoto mchanga nyumbani. Baada ya hapo kazi Montgomery hakuna wa kumpa, akahamia New York. Rekodi yake ya kukamatwa ilifutwa 2021, akiwa na miaka 82.

Mzee wa Sinza

Mwalimu nimekusoma mara mbili. Swali langu ni moja, aikoni si lazima ajulikane? Mtu ambaye nchi yenyewe ilimficha unamwitaje aikoni wa nchi?

Mwalimu Mstaafu, Dallas

Mzee wangu, Martin Luther King mwaka 1966 Gallup, wale wa kura za maoni, waliuliza watu, asilimia 63 walisema hawampendi. Leo ana sikukuu ya taifa. Kujulikana na kupendwa kunakuja na kuondoka kutegemea nani anaandika vitabu vya shule. Alichokifanya mtu kimeshafanyika.

Mama_Louisville

Nimerudi jamani, asanteni wote, na Mzee wa Sinza ile habari ya 1980 nimemsomea mume wangu akasema baba yake alikuwa akiisimulia.

Binti kasoma kila kitu hapa kimya, akafika kwa Colvin akaniomba simu. Kakaa nayo chumbani kama saa nzima. Akatoka akaniuliza, mama unajua huyu alifanya kazi gani New York? Nikasema sijui. Akasema alikuwa nesi msaidizi kwenye nyumba ya wazee Manhattan, miaka 35, mpaka akastaafu.

Mimi ndo kazi yangu hiyo, mwaka wa saba huu. Kugeuza wazee, kuogesha, kubadilisha mashuka. Nimewaza miaka 35 yote wale wazee wananyanyuliwa kitandani na mtu ambaye jina lake liko kwenye kesi ya Mahakama ya Juu na pengine hakuna hata mmoja aliyemuuliza umetoka wapi dada. Bado naamini Ali angemfaa kwa kurasa nne na nilimwambia hivyo, lakini keshaanza kuandika na ameniambia nisimguse. Ukurasa wa kwanza umekwisha. Mwalimu wa Dallas kama unajua kitabu kizuri kuhusu hao wanawake wanne nitumie inbox, nataka kusoma na mimi, zamu ya usiku ina saa za kungoja nyingi.