Panya akipandikizwa tezi ya thairoidi, kinga yake si itaimaliza tena?

Wa_Umoja: Jameni watu wa biolojia nisaidieni. Mamangu ana Hashimoto, ule ugonjwa kinga ya mwili inashambulia tezi ya thairoidi ya shingoni, kila asubuhi anameza tembe za thairoksini, homoni ya hiyo tezi, na maji tu halafu angoje ndio akunywe chai, sasa nasoma ati kuna panya wa maabara wanapandikizwa tezi, kipande kinatelezeshwa chini ya ile ngozi nyembamba ya figo. Lakini kinga ndio iliharibu ya kwanza, hii mpya itapona aje?

Labu_SouthB: Swali poa sana dadangu. Kuna vita viwili hapo. Mwili kukataa tezi ya mwingine, hiyo 1975 mtafiti Lafferty na wenzake waliikuza kwanza kwa oksijeni nyingi, seli nyeupe zilizobebwa ndani zikaisha, panya mgeni akaipokea. Ngumu ni ya pili, juu seli T za mgonjwa, askari wa kinga, zinawinda protini za tezi yenyewe kama thairoglobulini, hata ukiitoa kwa pacha wake zitaijua tu.

Mzee_Panya: Niongezee, 1995 mtafiti Sakaguchi alionyesha panya wakikosa seli T zenye alama ya CD25, zile za kutuliza zingine, tezi inavimba, wakirudishiwa mapema wanakingika. Naona njia iko hapo kuliko kufunika tishu na jeli ya alginati, ile ya mwani, kuificha kinga.

Wa_Umoja: Asanteni sana. So mama aendelee na tembe?

Labu_SouthB: Aendelee kabisa, na TSH, homoni ya ubongo inayoamrisha tezi, apimwe vile daktari alisema.