Debian 12 (mfumo wa Linux) imewaka bila desktopu (madirisha na ikoni za kubofya) na bando limekata katikati, naombeni msaada

kijana_wa_teminali:
Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya zamani ya RAM 2GB, nimeweka Debian 12 kwa ile ISO (faili la kuinstolia) ndogo ya netinst, inayoshusha vingine mtandaoni, pale pa kuchagua desktopu nikatoa tiki zote maana naogopea bando. Sasa ikiwaka ni kioo cheusi kinaniuliza jina na paswedi basi. Jana nimeandika apt install task-gnome-desktop (apt ndiyo inashusha na kuinstoli programu, GNOME ni desktopu) kwa hotspoti ya simu, bando likakata kabla haijamaliza kushusha. Je nifomati nianze moja? Mdogo wangu anaitegemea kusomea.

fundi_xfce:
Usifomati mkuu. apt inashusha vyote kwanza ndo inaanza kuinstoli, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na vilivyoshuka vipo /var/cache/apt/archives vinakusubiri. Ila kwa RAM 2GB GNOME itakutesa, weka Xfce, desktopu nyepesi zaidi, vile ambavyo zote mbili zinatumia hutavishusha tena:

sudo apt install --no-install-recommends xfce4 xfce4-terminal xorg lightdm network-manager-gnome

Hiyo xorg usiiache kabisa, xfce4 inaipendekeza tu haiilazimishi, ukizuia mapendekezo na usiitaje unaweza kukosa kile kinachochora kwenye kioo, mimi ilinila usiku mzima. Na kabla hujabonyeza Y soma itavuta MB ngapi.

dada_wa_seva:
Naongezea, sudo (ile ya kukupa mamlaka ya msimamizi) ikigoma ujue wakati wa kuinstoli uliweka paswedi ya root, yaani msimamizi mkuu, ingia kwa su - halafu andika bila sudo. Na ukipata sehemu yenye wifi ongeza -d kwenye hiyo amri, itashusha tu, kuinstoli utafanyia nyumbani bila bando.

kijana_wa_teminali:
Wakuu imekubali!! Desktopu hii hapa, nyepesi. Shida ile ikoni ya mtandao inasema haisimamii kadi ya wifi

fundi_xfce:
Netinst iliiandika wifi yako kwenye /etc/network/interfaces na NetworkManager (programu yenye hiyo ikoni) haigusi kilichoandikwa mle. Lifungue faili hilo kwa nano (kihariri cha maandishi), weka # mbele ya mistari yote ya kadi ya wifi, ambayo jina lake linaanzia wl, pamoja na ile ya paswedi chini yake, ya lo (mtandao wa ndani ya mashine yenyewe) iache, kisha zima uwashe.

kijana_wa_teminali:
Imeona hotspoti yangu, nimeingia. Asanteni sana, dogo yuko hapa anafungua notisi zake