Hisabati za msingi: mtoto anakwamia wapi, la kwanza mpaka la saba? Tupeane uzoefu

Ubao_Mweusi
Walimu na wazazi, karibuni. Tupange kwa madarasa: mada ipi, mtoto anakosea vipi, unarekebishaje. Mitihani ya zamani kila mtu anayo, tusiijaze hapa.

Naanza na la kwanza na la pili. Ukitaja "kumi na mbili" mtoto anaandika 102. Ukitaja "mia mbili na tano" anaandika 2005. Hajazembea, ameandika alichosikia: mia mbili, halafu tano. Kinachokosekana ni thamani ya nafasi (tarakimu kuhesabiwa kulingana na mahali ilipokaa), na hapo ndipo makosa mengi ya madarasa ya juu yanapozaliwa.

Dawa ni kadi za kulaliana. Kata boksi: kadi za mamoja upana sm 4, za makumi sm 8, za mamia sm 12, zote kimo kimoja. Kila tarakimu ikae katikati ya sm 4 zake. Kadi 27 zinatosha (1–9, 10–90, 100–900). Mtoto achukue 200 na 5, ailaze 5 juu ya 200, kingo za kulia zilingane. Inasomeka 205. Akiitoa ile 5 anaona sifuri iliyokuwa imefunikwa. Ukikata bila rula, kadi hazilaliani sawasawa na somo linaharibika.

Kizibo_cha_Soda
Umenena, mkuu. La tatu kasheshe ni kutoa kwa kukopa penye sifuri. 503 − 267, wengi wanaleta 364. Wamefanya 7 − 3, 6 − 0, 5 − 2: kila safu ndogo imetolewa kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu. Ukiona jibu la namna hiyo usimwambie "rudia", atarudia vilevile.

Mwonyeshe kwamba 503 ni makumi 50 na mamoja 3. Akope kumi moja: yanabaki makumi 49, mamoja yanakuwa 13. 13 − 7 = 6. 49 − 26 = 23. Jibu 236. Amekopa mara moja tu, hakuna kukata sifuri na kuandika vitarakimu juu mpaka daftari halisomeki. Kisha ahakiki: 236 + 267 lazima irudi 503.

Daftari_la_Viboksi
Kugawanya, hapohapo la tatu na la nne: 824 ÷ 4 wanaandika 26. Walipofika kwenye 2 wakaona 4 haiingii, wakaruka. Kanuni: kila tarakimu inayoshushwa lazima iache alama juu, hata kama ni 0. Jibu 206. Mzoeshe kukadiria kwanza: 800 kwa 4 ni 200, sasa 26 imetoka wapi?

Magazijuto
Jina langu lenyewe lina mtego. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inawafanya watoto waamini kujumlisha lazima kutangulie kutoa. 10 − 4 + 3 wanapata 3, jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unafuata kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo: 12 × 6 ÷ 3 × 2 ni 48. Andika hili ubaoni siku ileile unayofundisha kifupi hicho, usingoje wakosee.

Ubao_Mweusi
@Magazijuto hapo umegusa penyewe. Na sehemu je?

Asili_na_Kiasi
Sehemu: 1/2 + 1/3 = 2/5, kosa la kudumu la la tano. Wanajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (ya chini) kwa asili. Kabla ya kutaja KDS (kigawe kidogo cha shirika), kata ukanda wa karatasi sm 12. Nusu yake sm 6, theluthi sm 4, jumla sm 10, yaani 5/6 ya ukanda. Halafu uliza: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, uliongezaje ukapata pungufu? Baada ya hapo KDS ya 2 na 3 inaeleweka bila kukaririwa. Chagua ukanda unaogawanyika kwa asili zote mbili. Wa sm 10 utakutesa kwenye theluthi.

Desimali: 0.45 wanadai ni kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 45 inazidi 5. Chora mraba wa viboksi 10 kwa 10, paka rangi viboksi 45 kwa 0.45, kisha 50 kwa 0.5.

Kizibo_cha_Soda
Niongeze muda, la tano na la sita. Saa 2:20 kutoa saa 1:45 wanaandika dakika 75, wamekopa 100. Saa moja ni dakika 60: 20 + 60 = 80, 80 − 45 = 35.

Mama_Darasani
Na mafumbo. "Asha ana maembe 12, ambayo ni 5 zaidi ya ya Juma. Juma ana mangapi?" Mtoto akiona "zaidi" anajumlisha, 17. Kabla ya hesabu mwulize nani mwenye mengi, achore mistari miwili, mrefu wa Asha, mfupi wa Juma. Jibu 7.

Wazazi mnaonunua vitabu, tazameni ni vya mtaala upi. Ule wa Tanzania wa 2023 umepunguza msingi kutoka miaka 7 hadi 6, kwa hiyo mada za kitabu cha kaka mtu zinaweza zisilingane na za mdogo wake.